Ichaji wakati ugali uko motoni: jibu kwa msomaji wa Njombe kuhusu betri ya baiskeli ya umeme

Swali: "Shikamoo fundi. Naishi Njombe mjini, vyumba viwili vya kupanga, mimi, mume wangu na watoto wawili. Mwezi wa tatu nilinunua baiskeli ya umeme ya mtumba, betri yake imeandikwa volti 48, ampia 15. Mwanzo nilikuwa naing'oa betri usiku naichaji ndani, soketi ya karibu na mlango wa chumba cha watoto. Mume wangu akasikia hizi betri zinawaka moto, hataki kuiona ndani. Sasa wiki mbili hizi naichaji jiko la nje usiku kucha, nimeifungia humo kwa kufuli. Tangu hapo asubuhi taa zinaonyesha imejaa, nikifika mlima wa kwanza inakata. Fundi mmoja ameniambia niitumie mpaka iishe kabisa, kisha niichaji masaa 12 mfululizo ili izinduke. Mwingine anataka kuifungua. Nishike lipi?"

Marahaba dada, na kamwene kwa wote hapo nyumbani.

Nianze na lile lisilosubiri. Usiitumie mpaka iishe, wala usiipe hayo masaa 12. Irudishe ndani leo hii. Na kuanzia leo isikae kwenye chaji mkiwa mmelala, iwe chumbani au jiko la nje. Wakati wake wa kuchajiwa ni jioni ukisharudi, wewe uko macho unapika, watoto wanaandika kazi za shule, pua na masikio ya nyumba nzima yako kazini. Mume wako utakuwa umemjibu, na ule mlima pia.

Hofu ya mume wako ni ya haki. Jiji la New York, ambako vijana wengi wanasambaza chakula kwa baiskeli hizi, idara ya zimamoto ilihesabu moto 268 wa betri za lithiamu mwaka 2023, na watu 18 wakafa. Mwaka huohuo jiji likakataza kuuza baiskeli za umeme na betri ambazo hazijapimwa usalama wake. Kwa hiyo hakuzusha. Ila hofu hiyo ameielekeza kwenye chumba, wakati ilitakiwa ielekee kwenye saa. Betri ya lithiamu iliyotulia, haijadondoka, haijaingia maji na haiko kwenye chaji, ni nadra kuwaka yenyewe. Ikiwa kwenye chaji hali ni nyingine: kuna umeme unaosukumwa ndani yake kwa masaa, na kama kuna seli mbovu au chaja isiyo yake, ubaya wake utajitokeza muda huo. Mkiwa mmelala, mtakaochelewa kujua ni ninyi.

Nimeshachelewa mimi mwenyewe, ndiyo maana nasema. Miaka ya mwanzo ya kazi hii niliacha betri ya mteja kwenye meza ya karakana inachaji, nikaenda kula. Nilikuwa nimeibadilishia seli mbili na nilijiamini. Niliporudi, kabla sijafungua mlango nilisikia harufu tamu, tamu ya ajabu, kama mtu anapaka rangi ya kucha. Ile harufu ni kimiminika cha ndani ya seli kinatoka. Nikachomoa umeme kwenye swichi kubwa ya nje, nikasimama mbali. Baada ya hapo ilikuwa milio kama bisi kwenye sufuria, kisha ndimi za moto zinatoka kwa mchirizo, na moshi mzito. Meza ilikwisha, ukuta hadi leo una alama. Kama ingekuwa usiku na mimi nimelala chumba cha pili, barua yako angeijibu mtu mwingine.

Sasa turudi kwenye mlima wako.

Ukiifungua betri yako (usiifungue) utakuta mapipa madogo ya chuma, kila moja lina unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Hizo ndizo seli. Zimepangwa makundi 13 yanayofuatana, na kila kundi likijaa linafika volti 4.2. Zidisha, unapata 54.6. Hiyo ndiyo volti ya betri yako ikiwa imejaa kabisa. 48 ni jina tu la sokoni. Ndani ya kila seli, lithiamu inasafiri kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na ukichaji inakwenda kujipanga katikati ya matabaka ya grafiti (kaboni iliyomo ndani ya seli), kama magunia yanavyoingizwa ghalani. Kukiwa na joto la kawaida yanaingia bila shida. Kukiwa na baridi kali wapakuaji wanakuwa wazito, ila lori linaendelea kumwaga. Magunia yanabaki mlangoni. Yaani lithiamu inaganda juu ya grafiti kama ngozi ya chuma, na nyingi ya hiyo hairudi tena kufanya kazi. Kila ikitokea, betri inapungua uwezo moja kwa moja. Tena chuma hicho kinaweza kuota vijisindano kuelekea kwenye utando unaotenganisha pande mbili za seli, na utando wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Ukitobolewa, ni shoti ndani ya seli, na shoti hiyo hakuna swichi ya kuizima.

Watengenezaji wengi wanaandika mwisho wa kuchaji ni nyuzi sifuri. Mimi kwa betri ya mtumba nisiyojua historia yake naweka mpaka wangu juu kidogo: chini ya nyuzi 10 sichaji. Na Njombe ya Juni na Julai unaijua kuliko mimi. Jiko la nje la mabanzi, upepo unapita kwenye nyufa, alfajiri nyasi zina sakitu; humo ndimo betri yako imekuwa ikichajiwa wiki mbili. Usitegemee kwamba bodi ya ulinzi iliyomo ndani, ile tunayoiita BMS, itakataa chaji kwa sababu ya baridi. Nyingi za bei nafuu zinaangalia volti na ampia, baridi haiwahusu. Huna kipimajoto? Gusa kasha kwa mgongo wa mkono. Likiwa baridi kama maji ya bomba la nje saa kumi na mbili asubuhi, liache ndani saa moja au mbili kabla ya kuchomeka. Lijipashe lenyewe. Usilisogeze kwenye jiko la mkaa. Na hilo jiko la mkaa, kwa kuwa tuko kwenye msimu wake, lisilale chumbani na watoto hata kama nyumba haina betri. Ile hewa yake inaua watu kimya kimya huku kwetu kila baridi ikija.

Kuitumia betri kwenye baridi ni habari tofauti na kuichaji. Hakuiharibu, kunaifanya mvivu tu. Kwenye tambarare baiskeli yako inakula labda ampia tano au sita. Ukianza mlima na mzigo inadai 15, pengine 20. Betri ya baridi inapodaiwa hivyo volti zinaporomoka ghafla. Zikifika kama 40 hivi kontrola, kile kifaa kinachogawa umeme kwa mota, inaona betri imekwisha, inakata. Ukisimama dakika tano ukaiwasha, taa zinaonyesha imejaa tena, unahisi umerogwa. Dalili hiyohiyo inaletwa pia na kundi moja la seli lililochoka: 12 yana nguvu, la 13 linatangulia kujaa na linatangulia kuisha, na BMS inakata kwa ajili ya huyo mmoja dhaifu.

Namna ya kutofautisha ni rahisi na haihitaji fundi. Siku tatu mfululizo betri ilale ndani bila kuchomekwa, ikiwa ulishaichaji jioni. Asubuhi panda mlima uleule na mzigo uleule. Ikipanda, tatizo lilikuwa baridi, na shukuru kwamba ni wiki mbili tu. Ikikata hata hapo, ijaribu saa nane mchana siku ya jua. Ikikata na mchana, kuna kundi limechoka, na hapo ndipo yule fundi wako wa pili anapokuwa na hoja, kwa masharti nitakayokuambia.

Kuhusu fundi wa kwanza. Simlaumu, hayo tuliyafundishwa wote. Betri za zamani za nikeli na kadimiamu kweli zilikuwa zinamwagwa mpaka mwisho ili zisizoee. Betri za risasi, zile za sola na za gari, tulifundishwa kuzipa chaji ndefu na kuziacha zimejaa. Lithiamu haitaki lolote kati ya hayo. Inapenda katikati. Ikishuka chini ya volti mbili na nusu kwa seli inaanza kuumia, na ikishuka zaidi ya hapo shaba iliyomo ndani inaanza kuyeyuka, na ukija kuichaji shaba hiyo inaganda pasipotakiwa. Ndiyo maana naogopa kuliko vyote ule mtindo wa "kuishtua" betri iliyokufa, kwa kuruka BMS na kuunga nyaya moja kwa moja kutoka kwenye chaja au betri nyingine. Inaamka, ni kweli. Mteja anafurahi na fundi analipwa. Kinachofuata kinatokea nyumbani kwa mteja.

Na masaa 12 ya nini? Tupige hesabu. Tuseme umerudi na asilimia 30 na unataka ifike 90. Hiyo ni asilimia 60 ya ile 15 iliyoandikwa kwenye betri, ambayo ni ampia-saa, yaani ampia-saa tisa. Chaja yako ikiwa ya ampia tatu, ni masaa matatu. Umechomeka saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku umechomoa. Ikiwa ya ampia mbili, ni masaa manne na nusu, unachomoa saa nne na nusu. Watoto wamelala lakini wewe bado. Weka kengele kwenye simu. Kwa LUKU haifiki hata uniti moja, kwa hiyo usifikirie kwamba usiku unaokoa chochote. Asilimia 90 inatosha safari zako. Ukitaka ijae kabisa, fanya hivyo mara moja moja, kwa sababu dakika za mwisho za kujaa ndipo BMS inasawazisha makundi. Kuiacha imejaa pomoni wiki nzima bila kuitumia ndiko kunakoizeesha.

Jambo dogo ambalo sisi wa Iringa limetufundisha. Anayepanda kutoka Ipogolo hadi mjini na abiria nyuma anafika betri ina moto. Akichomeka palepale anaongeza moto juu ya moto, na juu ya nyuzi 45 kuchaji ni kosa sawa na kwenye baridi. Apumzishe nusu saa, mpaka kasha liwe la uvuguvugu tu. Kwako wewe hiyo ni bahati. Ukifika nyumbani jioni betri bado ina ujoto wa safari; ukibadilisha nguo, ukawasha moto na kuteleka maji, imefika pale inapotakiwa, na baridi ya usiku haijaikamata. Kama baiskeli yako ni ya zile zinazorudisha umeme zikishuka mlima, na safari yako ya asubuhi inaanza kwa mteremko, ndiyo sababu nyingine ya kuishia 90. Betri iliyojaa haina pa kuupokea huo umeme.

Sasa chaja. Hapa nakuomba uinuke uende kuisoma sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Upande wa kutoa lazima iandikwe 54.6. Baiskeli ya mtumba mara nyingi imetengana na chaja yake njiani, na muuzaji amechomeka yoyote iliyoingia. Shida ni kwamba plagi zinafanana. Chaja ya betri za risasi za volti 48, zile za toyo za umeme, inafika volti 58 na zaidi. Ukiigawa kwa makundi yako 13 ni karibu volti nne na nusu kila moja, wakati mwisho wao ni 4.2. Kinachokulinda hapo ni BMS peke yake, na ikishindwa siku moja tu hutapewa onyo la pili. Nimeshapokea betri iliyovimba mpaka kasha limepasuka kwenye mshono, mwenyewe akaniambia "lakini chaja inaingia vizuri, fundi". Ikiwa yako imeandikwa namba nyingine, acha kuchaji kwanza. Pia kasha la betri likiwa limeandikwa LiFePO4, hiyo ni aina nyingine ya lithiamu, namba zote nilizokupa zinabadilika, nijulishe.

Mahali pa kuchajia ndani ya nyumba: sakafu ya saruji, wima au chali vile mtengenezaji alivyotaka, hatua moja kutoka chochote kinachoshika moto. Si kitandani, si chini ya kitanda, si juu ya zulia, si ndani ya beseni la nguo, na usiifunike kitenge ili wageni wasiione. Iwe upande wa mlango wa kutokea nje, lakini isikae kwenye njia yenyewe. Pale mlangoni kwa watoto ndipo pabaya kuliko pote ulipopataja, kwa sababu ikiwaka wao wako upande wa pili wa moto. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni yenye vichwa sita, pasi huku na redio kule, hapana. Umeme ukikatika chomoa, usubiri urudi na utulie. Ule mshtuko wa kurudi umeua chaja nyingi.

Wezi hawatakuwa tatizo, maana betri inalala ndani. Isikae kwenye chaji tu.

Maji kwa kifupi. Mvua ya kawaida haina neno ikiwa mpira wa kasha uko mzima. Kinachoingiza maji ni pampu ya presha ya waoshaji magari. Tope likizidi, ng'oa betri, futa kwa kitambaa, baiskeli ndiyo ioshwe. Ikishazama au ikidondoka kutoka juu, usiichaji mpaka ipimwe, hata kama bado inaendesha baiskeli. Na ukienda kijijini mwezi mzima, iache nusu, kama volti 48 kwenye testa ya kupimia volti, na ukirudi uipime.

Dalili za kuikataa palepale: kasha limevimba au limepinda, ile harufu tamu niliyokueleza, joto kali wakati haifanyi kazi, mlio wa kuzomea. Ikiwa imevimba tu na haina moshi, itoe nje taratibu, uwanjani, mbali na nyumba na kuni. Ikishaanza kutoa moshi usiiguse. Watoe watu wote, funga mlango nyuma yenu, zima umeme kama swichi kubwa iko njiani, piga 114 kwa Zimamoto. Ule moshi ni sumu, usirudi kwa ajili ya simu wala televisheni. Watu watakuja na mchanga. Mchanga unaficha moto lakini hauipozi betri, na seli moja inaendelea kuipasha jirani yake chini kwa chini. Kinachopoza ni maji, mengi, yakimwagwa kutoka mbali umeme ukiwa umezimwa. Hata ikizimika, iangalieni hadi kesho yake, inaweza kuwaka tena.

Nilikuahidi masharti ya yule anayetaka kufungua. Muulize mambo matatu. Je, atapima kila kundi na kukuandikia namba zote 13? Je, seli mpya ataziunga kwa mashine ya kuchomelea vipande vya nikeli, au kwa solda? Akisema solda moja kwa moja juu ya seli, mshukuru uondoke. Joto la solda linaiumiza seli kabla haijaanza kazi. La tatu: seli zenyewe anazitoa wapi? Za kuokota kwenye betri za kompyuta zilizokufa, zikichanganywa na zako, zitakupa kundi la 14 la matatizo. Wakati mwingine jibu la kweli ni betri nyingine, na najua bei yake inauma.

Kabla ya hapo, nitafutie namba tatu kwa testa ya mtu yeyote anayejua kuishika: volti saa moja baada ya kuchomoa chaja, volti asubuhi baada ya kulala ndani, na volti mara tu inapokata mlimani. Ya kwanza ikiwa 54 na ya pili imeshuka chini ya 53 bila kazi yoyote, kuna seli inajila yenyewe, usiichaji tena. Ukilazimika kuniletea Iringa, ije ikiwa na chaji ndogo, asilimia 30 au pungufu, vichwa vyake vimefunikwa kwa utepe wa umeme, na umwambie kondakta ni betri, isirundikiwe magunia ya viazi juu yake.